Tulipomfuata Mke Mkubwa

Jamani, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, cherehani yangu haijashona hata pindo moja. Kila anayeingia hapa kwangu Buzebazeba, awe ameleta gauni la kupunguza au hana kitu mkononi, anavuta kigoda na kusema, "Mwajuma, hebu tueleze." Nimeeleza mpaka koo limekauka, na kila mkiipeleka habari mtaani mnaongeza yenu. Juzi mama mmoja wa Bangwe amenisimamisha sokoni kunipa pole, eti amesikia mwanangu Hamisi ana wake wawili na wamepigana ndani ya boti. Basi naandika. Someni, mpeane, halafu mniache nishone.

Kwa asiyetujua vizuri: Hamisi ndiye mwanangu wa pekee, anafanya kazi Dar es Salaam. Huko akampata Akosua, binti wa Ghana aliyekuja kusoma mambo ya afya. Kwao ni nesi. Wameoana mwaka jana, na safari hii alikuja Kigoma mara ya kwanza, peke yake kwa treni, maana Hamisi alinyimwa likizo. Na mama yangu mzazi ni Bibi Salome, anayekaa kwao Mwamgongo, kaskazini huko ambako hakuna barabara, ni boti tu. Watu wote humwita Bibi, nami humu nitamwita hivyo hivyo.

Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, miaka sasa. Alibaki kujua mchana na usiku tu. Na wiki hiyo madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali mjini, wanapasua hadi Ijumaa, kisha waondoke. Mara tatu huko nyuma walikuja wengine, na mara tatu Bibi alinikatalia. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamfokea. Hakuna. Safari hii nilijiapia kwamba nitamleta hata kama ni kwa kumbeba, ila neno hilo la kubeba ningelijua mapema nisingelisema hata moyoni.

Kibirizi

Jumanne asubuhi tulifika Kibirizi tukaambiwa boti inaondoka saa nne. Saa sita bado wanapakia: magodoro, mabati, kreti za soda, na mbuzi mmoja asiyekubali. Tukakaa mchangani kando ya dagaa walioanikwa. Nilidhani mkwe wangu ataziba pua. Kumbe aliokota dagaa mmoja, akamtafuna, akasema, "Mama, kwetu tungeweka pilipili."

Tulikuwa tumeshaanza kuzoeana. Usiku wa kwanza nilimuuliza Akosua maana yake nini. Akasema kwao kila mtoto ana jina la siku aliyozaliwa, na Akosua ni wa Jumapili. Nikacheka. "Na mimi je? Mwajuma, wa Ijumaa. Na mumeo Hamisi, wa Alhamisi." Akapiga makofi. Kwao mimi ningekuwa Afua, na Hamisi angekuwa Yaw. Tangu hapo nikiwa na furaha naye namwita Jumapili, nikiudhika Akosua.

Pale Kibirizi boti haikaribii nchi kavu, kwa hiyo abiria hubebwa. Mbebaji anaingia majini, anakupa mgongo, unapanda. Akosua alipanda akicheka kama mtoto. Mimi, mnaonijua, mtu wa Ujiji ninayeogopa maji, nilifumba macho na kumkaba mbebaji shingo hadi akaomba msaada.

Kabla hatujaondoka nikapiga simu ya jirani wa Bibi, nikaweka sauti ya juu ili mkwe asikie, bila kumwambia nampigia nani. Bibi akaanza bila salamu: "Yuko wapi huyo mke mdogo? Mwambie mimi ndiye wa kwanza. Mume wetu hajambo? Mwambie aje, lakini ajue nyumba ina mwenyewe."

Boti nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sikumtazama Akosua, na hapo ndipo nilipokosea.

Ndani ya boti

Jirani yetu kwenye ubao alikuwa mama mnene muuza vitenge, Mama Furaha, wa Mtanga, wazee wake walitoka Kongo ng'ambo ya pili. Kusikia mgeni ametoka Ghana, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Kwenu makabila mangapi?"

"Mengi, mama. Waashanti, Waewe, Waga, Wadagomba. Na wengine."

"Mnaelewana?"

"Tunagombana kwenye mpira na kwenye chakula."

"Waislamu wako?"

"Wako. Kaskazini wengi, kusini wachache. Mimi ni Mkristo, na bibi mzaa mama alikuwa Mwislamu."

Mama Furaha akanigeukia. "Kumbe ni watu kama sisi." Ni kweli. Baba yangu Mmanyema wa Ujiji, mtu wa msikiti, mama yangu Mbembe na kila Jumapili yuko kanisani, na nusu ya binamu zangu ni Waha. Ukituuliza kabila pwani hii, kaa kitako kwanza.

Wakaja kwenye uzazi. Akosua akasema bibi zao walizaa kumi, mama zao sita, na wao sasa wanataka watatu. Mama Furaha ana tisa. "Basi sisi huku bado tuko kwa bibi zenu," alisema, na kina mama wote wakakubali. Akosua akaeleza kwamba kwao nesi hupewa chumba kijijini, akazunguka nyumba kwa nyumba, akawapima watoto kwa mizani ya kuning'iniza mtini. Mama Furaha akasema yeye wa saba alimzalia humu humu botini, njiani kwenda hospitali, na nahodha ndiye aliyeshika taa. Nahodha kule nyuma akainua mkono kuthibitisha.

Kilichozua ghasia ni ukoo. Akosua alisema kwao Waashanti, mtoto ni wa upande wa mama, na zamani mali ya mtu ilikwenda kwa mtoto wa dada yake.

Nahodha akapunguza injini ili asikie vizuri. "Yaani boti hii aichukue mpwa wangu?"

"Zamani, ndiyo."

"Yule mlevi?"

Kelele zikaanza, wanawake wakisema ndiyo haki, wanaume wakisema dunia imekwisha. Tulibishana tukapita kijiji kizima bila kumshusha abiria wake, ikabidi tugeuze. Abiria mwenyewe alikuwa mmoja wa wabishi. Nilifurahi sana. Ila niliona Akosua anajibu watu vizuri, na akimaliza kujibu anatazama maji. Nikadhani ni kichefuchefu, nikampa ndimu anuse.

Mtanga, upepo

Alasiri upepo uliinuka na ziwa likachafuka. Nahodha akasema haendi mbele, tutalala Mtanga. Nilimjia juu. Nilimwambia nina mgonjwa wa kuwahi na madaktari hawanisubiri. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, ukitaka kuendesha, injini hiyo hapo."

Mama Furaha akatuchukua kwake kama ndugu. Akapika ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu chetu, na samaki wa migebuka kwa mawese. Harufu ya mawese ilipotoka jikoni, Akosua alisimama, akaifuata hadi kwenye sufuria. Yale mafuta mekundu ndiyo ya kwao. Dar alikuwa anapikiwa nazi kila siku, anakula kwa adabu tu. Mtoto wa watu alianza kula, machozi yakamtoka. Tukacheka, tukamwongezea.

Machozi hayakukoma. Akaweka tonge chini, akanitazama usoni.

"Mama, nakuomba usinifiche. Mke mkubwa wa Hamisi ana watoto wangapi?"

Nami, mdomo umejaa samaki, nikajibu kwa moyo mweupe: "Sita. Wawili walifariki."

Akaficha uso kwa kitenge. Akasema baba yake alikuwa na wake wawili, na alimwona mama yake akilia miaka yote, akaapa hatoolewa hivyo. Hamisi alimwapia kwamba hana mwingine. Tangu Kibirizi alikuwa anajiuliza arudi na boti ipi.

Mimi bado nilikuwa gizani. Mama Furaha ndiye aliyeshika kwanza. Alicheka hadi akalala chali kwenye mkeka. "Mwajuma, hukumwambia mtoto?"

Ndugu zangu, kwetu jambo hili unalinyonya pamoja na maziwa ya mama. Nani hufundishwa? Bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu mume wangu, na mjukuu akioa, bibi anakuwa mke mkubwa, mkewe anakuwa mke mdogo. Mke mkubwa anatukana, anadai zawadi, anasema amenyang'anywa mume, na mke mdogo anajibu. Asiyejibu ndiye mwenye dharau. Nikamweleza Akosua mke mkubwa huyo ana umri gani, na kwamba mmoja wa wale watoto sita ndiye mimi hapa.

Alinitazama. Akamtazama Mama Furaha. Kisha akaanza kucheka polepole, akashindwa kuacha. "Naweza kumjibu chochote?"

"Chochote," alisema Mama Furaha. "Mtukane tu."

Akavuta sahani, akamaliza samaki wake na nusu ya wangu.

Mwamgongo

Ziwa halikutulia hadi Jumatano mchana, kwa hiyo tulifika jioni. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kitenge cha sikukuu. Nikampigia magoti. "Shikamoo, mama. Mwidiwe," nikamwongezea salamu ya huko. Akanipapasa uso kama anavyofanya kila nikija: paji la uso, mashavu, kidevu. "Mwanangu bado msichana," akasema. Husema hivyo kila mara.

Kisha akakaza sauti. "Mwingine yuko wapi? Nasikia harufu ya mwizi wa waume."

Akosua akapiga magoti, akamwamkia shikamoo, akasema, "Mke mkubwa, nimeleta salamu za mume wetu. Anasema umezeeka, nimsaidie kukusahau."

Nilishika mdomo. Majirani walikuwa wamejaa uani. Bibi akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba yangu yuko hai. "Huyu ni mtu," alisema. "Huyu mume wetu hakuokota." Akampapasa na yeye, mikono, mabega, akasema ana mabega ya mvuvi.

Asubuhi yake nikalileta jambo lililotupeleka. Nilieleza vizuri, kwa upole wote nilionao, ambao mnaujua si mwingi. Bibi akajibu kama siku zote: macho yake yameona ya kutosha. Nikaanza kupandisha sauti. Akosua akanigusa mkono, akamuuliza yeye kwa kinesi, kwa utaratibu: "Bibi, unaogopa kisu?"

"Nimezaa sita, niogope kisu?"

"Unaogopa nini?"

Alikunja ncha ya kitenge chake. Kisha akasema anaogopa Kibirizi. Mara ya mwisho kwenda mjini, nuru ilikuwa inamwishia, na mbebaji alimchukua begani kama gunia, miguu juu, kitenge kikapanda, na watu ufukweni wakacheka. Watu waliomjua. Alishinda na aibu hiyo siku nzima. "Mimi ni Salome, mke wa mtu, mama wa watu. Sitashushwa tena kama gunia la dagaa. Bora nikae na giza langu."

Mara tatu nimemfokea mtu mzima huyu, na hata mara moja sikumuuliza swali hilo. Nilijisikia vibaya, nawaambia ukweli.

Akosua ndiye aliyesema. "Mke mkubwa, kwenu mizigo ya nyumba anabeba nani?"

"Mke mdogo."

"Basi nitakubeba mimi. Mgongoni, na kitenge, kama mtoto. Kwetu tunabeba hivyo, na kwenu nimeona hivyo hivyo. Nani atacheka? Watasema, tazama, mke mkubwa anamtumikisha mdogo."

Bibi akainua kidevu. Nikaona analipenda wazo hilo.

"Na tena," Akosua aliongeza, "unanitukana tangu jana na hujaniona. Labda mimi ni mzuri kuliko wewe. Utajuaje?"

Bibi akasema, "Mwajuma, nitafutie viatu."

Kurudi

Tulipanda boti ya Alhamisi. Akosua alimfunga Bibi mgongoni kwa vitenge viwili, akaingia majini hadi mapajani, na kijiji kizima kikaimba. Bibi kule juu alikuwa anaelekeza: "Polepole, mke mdogo. Usiniloweshe. Umekula nini wewe, mbona unatetemeka?"

Tukapita Gombe, nyani wamekaa ufukweni kama wazee wa baraza. Nikaanza kuamini tutafika mapema. Halafu Mtanga tukasimama. Kulikuwa na harusi inakwenda mjini, na bibi harusi hayuko tayari. Saa ya kwanza nilivumilia. Ya pili nilishuka kwenda kumtoa mwenyewe, na mnajua ningemtoa, lakini nikampata Mama Furaha ndiye anayemfunga kilemba, akanipa sindano nimshikizie gauni lililofumuka. Fundi ni fundi. Nilishona pale nikilalamika.

Waliingia na ngoma, vigelegele na sinia za maandazi. Bibi akauliza wanaimba nini, kisha akaushika wimbo, na wao wakamwachia auongoze. Boti ikajaa furaha, na mimi nikahesabu jua linavyoshuka. Tulifika Kibirizi hospitali imeshafunga kliniki. Iliyobaki ni Ijumaa, siku ya mwisho.

Pale Kibirizi wabebaji walikimbilia. Akosua akawaambia, "Huyu ni wangu." Akamfunga. Na watu wakatazama kweli, wachuuzi wa dagaa, wavuvi, watu wa harusi. Mzee mmoja akauliza ni nani hao. Bibi akamjibu mwenyewe kutoka mgongoni, kwa sauti ya kusikika hadi stendi: "Mimi ni mke mkubwa, na huyu ni mdogo, kwao Ghana. Ananibeba. Wa kwako anakubeba?" Ufukwe mzima ulilipuka kwa vicheko, na safari hii Bibi alicheka nao. Akasahau hata kuuliza kama kitenge kimepanda. Hakikupanda.

Chumba cha macho

Ijumaa alfajiri tulikuwa langoni. Foleni ilikuwa ndefu, wazee wa Kasulu, wa Uvinza, wa kila mahali, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Nilienda nikauliza, nikaambiwa nisubiri, nikauliza tena. Akosua alinikalisha. Alizunguka akiongea na wazee wale, kila mmoja akimuuliza anatoka wapi, naye akiwauliza walizaliwa siku gani na kuwapa majina ya kwao. Hadi mchana foleni nzima ilikuwa ya akina Kofi na Ama. Bibi alizaliwa Jumamosi, kwa hiyo naye ni Ama. Akasema jina ni fupi mno kwa mtu wa hadhi yake.

Nilikwenda kuswali Ijumaa, nikarudi, bado. Walibaki watano, wakabaki wawili. Jua limeelekea ng'ambo ya ziwa, nesi akatoka akaita, "Salome." Alikuwa wa mwisho. Walimfanyia jicho la kulia tu. Nilikaa kwenye benchi nimeshika viatu vyake mapajani, na mimi nisiyetulia sikuondoka hapo hata kunywa maji.

Jumamosi asubuhi wakamfungua bandeji. Daktari alikuwa ameshafunga begi lake, gari linamsubiri nje. Bibi alipepesa, akajikinga na mwanga kwa kiganja. Akauliza kama ule pale ni ukuta. Daktari akasema ndiyo. "Mchafu," alisema Bibi.

Kisha akamwona Akosua, aliyesimama miguuni pa kitanda na mikono imeshikana. Akamtazama kwa muda. "Geuka," akamwambia. Akosua akageuka. "Geuka tena." Akageuka. Bibi akashusha pumzi. "Haya. Nimeshindwa. Mchukue mume."

Akosua akamwangukia miguuni akicheka na kulia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, ushungi umenidondoka na sina habari. Bibi akaniona. Akakunja uso kidogo, kama mtu anayetafuta jina.

"Na mama huyu mwenye mvi ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mwajuma."

Akanyoosha mkono, akanigusa paji la uso, mashavu, kidevu, kama siku zote. Ila safari hii jicho lilikuwa linafuata mkono.

"Mwanangu," akasema, "umezeeka lini bila kuniambia?"

Niliinama karibu yake, nikamwachia uso wangu autazame hadi atosheke.